Kutuliza hamu ya kula inayokuja jioni: mwongozo kwa anayeshinda kazini mjini

Mtu anaweza kushinda kutwa nzima bila kusumbuliwa na chakula. Asubuhi chai ya rangi na andazi vinamtosha, mchana anakula akikumbuka, na wenzake wakipitisha pakiti ya biskuti ofisini anasema yuko sawa. Ikifika saa moja jioni hali inageuka. Anashuka kituoni, anapitia chipsi. Anafika nyumbani, anakuta wali, anakula na wali. Saa nne usiku watoto wamelala, naye anafungua kabati kutafuta kitu kitamu cha kusindikizia tamthilia. Analala tumbo limejaa, moyoni anajilaumu kwamba hana msimamo.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. La kwanza ninalotaka alijue ni kwamba hamu ya usiku hutengenezwa tangu asubuhi, kwa hiyo kupambana nayo saa nne usiku mbele ya kabati ni kuchelewa. Baadhi ya hatua muhimu utakazosoma hapa zinafanyika jua likiwa bado liko juu.

Mwili wenyewe una saa yake ya ndani inayochangia. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwaweka watu 12 kwenye maabara kwa siku 13, katika mwanga hafifu, milo na usingizi vikiwa vimepangwa upya ili saa ya mwili ijitenge na mazoea ya kila siku. Njaa ilikuwa chini kabisa karibu na saa mbili asubuhi, ikawa juu kabisa karibu na saa mbili usiku. Hamu ya vitu vitamu, vya wanga na vya chumvi nayo ilifuata mwendo huohuo. Ndiyo maana mtu anaweza kuruka chai ya asubuhi bila kuumia, lakini usiku akatamani sambusa hata kama amekula. Saa hiyo huwezi kuizima. Unachoweza ni kuacha kuichochea kwa njaa ya kutwa, uchovu, na vitu ulivyoviweka karibu na mkono.

Hatua ya 1: Jichunguze siku nne kabla ya kubadilisha chochote

Tumia daftari au simu. Kila hamu ikija jioni, andika saa, ulichokitamani, mara ya mwisho ulikula nini na saa ngapi, uko wapi na nani, na unajisikiaje. Siku moja kati ya hizo nne iwe ya mwishoni mwa wiki, maana Jumapili ya nyumbani haifanani na Jumanne ya kazini. Usijizuie siku hizo. Kula kama kawaida na uandike kwa ukweli.

Jiulize pia swali moja: kama kungekuwa na ugali na mchicha wa mchana, ningeula sasa hivi? Jibu likiwa ndiyo, una njaa, na dawa ya njaa ni chakula. Jibu likiwa "hapana, nataka kitu kitamu tu," hapo ni hamu, nayo ina dawa zake tutakazoziona mbele. Wengi watakaofanya zoezi hili watagundua kwamba jibu la saa moja jioni ni ndiyo, la saa nne usiku ni hapana. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na ukiyachanganya utahangaika bure.

Angalia pia pengo. Mtu wa Dar es Salaam anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, na kuishi pembezoni, Chanika au Mbagala, akila mchana saa saba, kisha akafika nyumbani saa moja na nusu, amekaa zaidi ya saa sita bila kitu, na sehemu ya saa hizo ameimaliza amesimama kwenye gari akishikilia bomba. Hakuna msimamo unaoweza kushindana na hilo.

Hatua ya 2: Kula asubuhi chakula chenye protini

Chai ya rangi yenye sukari na maandazi mawili ni unga mweupe, sukari na mafuta. Vinapandisha sukari ya damu haraka, nayo inashuka haraka, na saa nne asubuhi tumbo linaanza kunguruma. Protini inakaa tumboni muda mrefu zaidi na kuuambia ubongo kwamba mtu ameshiba.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, pia wa mwaka 2013, ambao naupenda kwa sababu uliangalia jioni hasa. Wasichana 20 wa miaka 18 hadi 20, wenye uzito uliozidi na waliozoea kuruka kifungua kinywa, walipewa kwa vipindi tofauti kifungua kinywa chenye gramu 35 za protini, chenye gramu 13, au hawakupewa kitu. Walipokula kile cha gramu 35, vitafunio vya mafuta walivyokula jioni vilipungua. Kiasi cha nishati kilikuwa kilekile kwenye vifungua kinywa vyote viwili. Tofauti ilikuwa protini.

Kwa vyakula vyetu gramu 35 hazina ugeni wowote. Mayai mawili yana kama gramu 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa kama 8. Si lazima ufike huko kila siku. Kiporo cha maharage ya jana na chapati moja ni kifungua kinywa bora kuliko maandazi matatu, nacho kinapunguza gharama. Kipashe moto hadi kichemke kabisa. Uji wa ulezi uliotiwa maziwa na karanga zilizosagwa unafaa sana. Anayekunywa supu asubuhi, aongeze nyama na kupunguza chapati. Dagaa waliobaki usiku, wakipashwa na nyanya kidogo na kuliwa na kiazi kitamu, ni mlo kamili. Kwa maoni yangu ndio mlo wa bei nafuu unaodharauliwa kuliko yote mjini.

Mchana fanya hivyohivyo: usikae na soda na keki kwa sababu kazi ni nyingi. Kwa mama ntilie omba wali kidogo upungue, maharage na mboga za majani ziongezwe. Wengi hawakatai, na ukiwa mteja wa kila siku atakupimia hivyo kabla hujasema.

Hatua ya 3: Kula kitu saa kumi au kumi na moja jioni

Ukiwa na nguvu ya kufanya hatua moja tu katika mwongozo huu wote, ifanye hii.

Lengo ni kuziba lile pengo kabla hujaingia barabarani. Kula kidogo ukiwa bado kazini, njaa ikiwa bado haijawa kali, ili ukifika kituoni na baadaye jikoni uwe mtu mwenye uwezo wa kuchagua. Kinachofaa ni kitu chenye protini au nyuzinyuzi: karanga za kuchemsha kiganja kimoja, hindi la kuchemsha, yai la kuchemsha na tunda, maziwa mtindi yasiyo na sukari nyingi, kipande cha muhogo wa kuchemsha na karanga, ndizi mbivu mbili. Beba kutoka nyumbani, kwa sababu ukiacha hadi jioni ndipo utafute, kilicho karibu kitakuwa ni keki na soda.

Watu wa pwani wana urithi mzuri hapa. Unguja, Tanga na Mombasa chai ya alasiri ni kawaida ya nyumba nyingi, na chakula cha usiku hufuata baada ya Isha. Usiiache desturi hiyo. Angalia kinachoandamana na chai. Kipande cha mkate wa ufuta na maharage, au mbaazi za nazi vijiko viwili vitatu, vitakushikilia mpaka usiku. Vitumbua vinne na chai ya vijiko vitatu vya sukari vitakurudisha jikoni mapema.

Utaambiwa kwamba kula alasiri ni kuongeza chakula. Pima mwenyewe kwa wiki mbili: andika unachokula kuanzia saa moja jioni hadi unapolala. Kwa wengi kile kidogo cha saa kumi kinajilipa chenyewe.

Hatua ya 4: Panga njia ya kurudi nyumbani

Tazama kibanda cha chipsi kilivyopangwa. Kabati la kioo lina taa kali ndani, kuku wa rangi ya dhahabu wamewekwa mbele, chipsi zimerundikwa nyuma yao. Pembeni jiko la mkaa limewaka, mishkaki inadondosha mafuta, moshi unavuka barabara na kukufuata unakoshukia. Kijana anavunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anayakoroga kwa uma, anayamwaga juu ya chipsi kwenye kikaango, kisha anafunika na sahani na kuligeuza zege, yaani chipsi mayai, kwa mkono mmoja. Ni kazi ya ufundi na ni riziki yake halali. Lakini kila kitu pale kimewekwa ili mtu mwenye njaa asimame, na wewe umefika ukiwa na njaa saa ileile ambayo mwili wako unadai mafuta, wanga na chumvi.

Ukiwa umekula saa kumi, nusu ya kazi imekwisha. Nusu nyingine ni kuamua kabla hujashuka. Ukiwa bado kwenye gari, jiambie leo ni chipsi au si chipsi. Kama si chipsi, shuka kituo cha mbele au pita upande wa pili wa barabara. Kutembea dakika tano zaidi ni rahisi kuliko kubishana na harufu. Kama ni chipsi, basi hizo ndizo chakula chako cha usiku. Agiza nusu, ongeza mishkaki na kachumbari, kula ukiwa umekaa, na piga simu nyumbani useme leo usiwekewe chakula. Chipsi mara moja moja hazimdhuru mtu mzima mwenye afya. Kinacholeta matatizo ni chipsi kutangulia wali, siku nne kwa wiki, pasipo mtu kuzihesabu kama chakula.

Kuna chaguo la kati ambalo watu wanalisahau: mishkaki mitatu, ndizi moja ya kuchoma na kachumbari nyingi. Hutoka kwenye kibanda kilekile, na mafuta yake ni machache mno ukilinganisha na zege.

Hatua ya 5: Chakula cha usiku kiwe mapema na kishibishe

Familia nyingi za mjini hula saa tatu au saa nne usiku kwa sababu baba au mama amechelewa kwenye foleni. Si kosa la mtu, lakini mwili unalipa. Mwaka 2022 watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's ya Boston walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu 16 wenye uzito uliozidi. Chakula kilikuwa kilekile, kiasi kilekile, ila katika awamu moja milo yote ilisogezwa mbele kwa karibu saa nne. Walipokula kwa kuchelewa, njaa yao iliongezeka, leptini, ile homoni inayouambia ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha, ilishuka, na miili ilitumia nishati kidogo zaidi.

Jaribu kula saa moja na nusu au saa mbili, na uache pengo la saa mbili au tatu kabla ya kulala. Mwenye kiungulia ataona nafuu mapema kuliko mwingine yeyote. Ikiwa mwenzako huchelewa, watoto na wewe mle, yeye afunikiwe. Mkae naye mezani kwa mazungumzo na kikombe cha chai ya mchaichai isiyo na majani ya chai, ili asile peke yake na wewe usile mara mbili.

Kwenye sahani, mboga za majani zichukue nusu: matembele, mchicha, kisamvu, figiri, chochote kilichopo sokoni. Robo iwe samaki, maharage, choroko, dagaa au nyama. Robo nyingine ndiyo ugali au wali, na ugali wa dona hukaa zaidi tumboni kuliko wa sembe. Usijinyime hapa kwa lengo la kupungua. Mtu anayekula vijiko vitatu vya mboga usiku akijisifu, saa nne atakula biskuti pakiti nzima.

Kwenye nyumba zetu aliyepika ana haki ya kuona chakula chake kimeliwa. Mama akisema, "Ongeza mwanangu, hujala kitu," kumjibu kwamba unapunguza mwili ni kumvunja moyo. Mjibu hivi: "Nimeshiba mama, ahsante, kimekolea kweli. Naomba unifunikie hiki, nitakinywea chai asubuhi." Na asubuhi ukile kweli. Jibu hilo linamheshimu, na linakupa kifungua kinywa cha Hatua ya 2 bila gharama.

Hatua ya 6: Punguza kilicho karibu na mkono

Kreti ya soda iliyobaki kwenye sikukuu, kopo la visheti juu ya friji, biskuti za shule za watoto: vitu hivi ndivyo huliwa saa nne usiku, kwa sababu vipo. Nunua kidogo. Duka la Mangi liko hatua chache kutoka mlangoni, nalo huuza kwa vipimo vidogo. Ukitaka biskuti, vaa ndala uende ukanunue pakiti ndogo moja. Mara nyingi ile safari ya kufungua geti inatosha kukuonyesha kwamba hukuwa unaitaka kiasi hicho.

Kuhusu soda, fanya hesabu mwenyewe. Soma kwenye chupa gramu za sukari kwa kila mililita 100, zidisha kwa 3.5 kupata sukari ya chupa ya mililita 350. Soda nyingi za kawaida zitakupa kati ya gramu 35 na 40, yaani kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na lasema ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25. Chupa moja imeshapita hapo, kabla hujagusa chai.

Usipige marufuku kila kitu, hasa kama una watoto. Kitu kilichokatazwa kabisa huliwa kwa siri na kwa pupa. Chagua siku, mfano Ijumaa usiku, sambusa au kaimati zipikwe, watu wale pamoja na kufurahi.

Hatua ya 7: Hamu ikishafika, ipe dakika ishirini

Umekula vizuri mchana, umekula usiku, na bado saa nne mdomo unatafuta kitu. Hapa ndipo zile mbinu za papo kwa papo zina kazi.

G. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington aliyefanya kazi na watu wanaojinasua kwenye pombe na sigara, aliwafundisha kuitazama hamu bila kupigana nayo. Hamu hupanda kama wimbi, hufika kileleni, kisha huvunjika yenyewe. Kaa chini, angalia inakushika wapi: mdomoni, kooni, tumboni? Ina nguvu kiasi gani sasa, na dakika tano baadaye? Mtu anayejua kwamba itapita hupata subira ambayo hakuwa nayo alipodhani itaongezeka bila mwisho.

Wakati unangoja, fanya kitu kwa mikono au miguu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, ulionyesha kwamba kutembea haraka kwa dakika 15 kulipunguza hamu ya chokoleti kwa watu waliozoea kuila. Kama mtaa wako si salama usiku, zunguka uani, pasi nguo za kesho, osha vyombo, kamatana na hesabu za mtoto. Kunywa glasi ya maji. Piga mswaki mapema, saa tatu badala ya saa tano. Ladha ya dawa ya meno hufunga mlango kwa watu wengi.

Zima pia kinachoamsha hamu. Video za mapishi kwenye simu kitandani ni kama kusimama mbele ya kile kibanda. Na kula mbele ya runinga kunafanya mkono uingie kwenye bakuli bila macho kuona. Ukitaka kula karanga wakati wa tamthilia, toa kiganja kimoja, funga pakiti, irudishe jikoni kabla hujakaa.

Kuna usiku ambao hamu haina uhusiano wowote na chakula. Umegombana na mwenzako, mwenye nyumba amepiga simu ya kodi, uko ugenini na hakuna wa kuongea naye. Daftari la Hatua ya 1 litakuonyesha siku hizo zikijirudia. Kwa hizo, mpigie dada yako au rafiki kabla ya kufungua kabati. Nasema hili kwa uzito: watu wengi wanaoishi peke yao mjini wanakula upweke, na dawa ya upweke ni mtu.

Hatua ya 8: Lala

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha utafiti wa vijana 12 wa kiume wenye afya waliolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili mfululizo. Leptini ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini, homoni ya njaa, ikapanda kwa asilimia 28, na njaa waliyoihisi iliongezeka kwa asilimia 24. Mwaka 2022 chuo hichohicho kilitoa matokeo ya upande wa pili: watu 80 wenye uzito uliozidi, waliokuwa wakilala chini ya saa sita na nusu, walisaidiwa kuongeza usingizi kwa wastani wa saa 1.2. Hawakupewa masharti yoyote ya chakula, lakini walikula pungufu kwa kilokalori 270 hivi kwa siku.

Anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi gari hawezi kulala saa sita usiku na kutegemea hamu itulie. Weka saa ya kuzima simu, na chai ya majani au kahawa iishie saa tisa alasiri. Mara nyingi ile hamu ya saa tano usiku ni mwili uliochoka ukiomba kitanda.

Kwa wanaofunga na wanaofanya kazi usiku

Ramadhani mpangilio ni mwingine, kwani jioni ndiyo wakati wa kula. Fungua kwa tende na maji, kunywa uji, swali Magharibi, kisha rudi kwenye futari taratibu. Zile dakika zinautosha mwili kuanza kuhisi shibe kabla ya magimbi, tambi na kaimati. Daku iwe na maharage, mayai au samaki, isiwe chai na mkate mtupu.

Mlinzi, muuguzi wa zamu na dereva wa masafa, kula mlo wako mkuu kabla ya kazi kuanza, beba kidogo cha katikati ya usiku, na epuka soda za kuchangamsha kama njia ya kukaa macho.

Wakati wa kwenda hospitali

Hatua hizi hazimfai kila mtu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, akipata njaa ya ghafla usiku pamoja na kutetemeka, jasho au kuchanganyikiwa, sukari yake huenda imeshuka. Anywe soda ya kawaida au maji yenye sukari mara moja, kisha azungumze na daktari wake kuhusu dozi. Asijizuie hata dakika moja.

Maumivu ya tumbo yanayofanana na njaa, yanayokuamsha usiku na kutulia ukila, yanaweza kuwa vidonda vya tumbo, kapime. Njaa isiyoisha pamoja na kiu, kukojoa mara kwa mara na kupungua mwili, kapime sukari. Anayetamani pemba, udongo au barafu, hasa akiwa mjamzito, akapime wingi wa damu, kwa sababu hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini chuma. Mama anayenyonyesha akisikia njaa usiku, ale. Mwili wake unatengeneza maziwa. Dawa kama predinisoloni na vile vidonge vya kuongeza mwili vinavyouzwa kiholela huamsha njaa kali, hivyo mweleze daktari kila unachomeza.

Anayeamka usiku mara kwa mara na kushindwa kulala tena mpaka ale, au anayekula kwa wingi asiweze kujizuia kisha akajitapisha, anahitaji msaada wa kitabibu, wala asione haya. Hali ya kwanza ilielezwa na daktari wa Marekani, Albert Stunkard, tangu mwaka 1955, na zote mbili zina matibabu.

Ukishakula usiku

Itatokea. Ukiwa umemaliza pakiti au sahani ya pili, usijiadhibu kesho yake kwa kushinda njaa, maana njaa hiyo itakurudisha palepale jioni. Asubuhi kunywa chai na kiporo chako saa ileile ya kila siku. Fungua daftari uangalie jana ulikula nini kati ya saa saba mchana na saa moja jioni. Kama hapo pako wazi, weka karanga na tunda kwenye mkoba kabla hujatoka.